Maisha Bila Daftari

(Maneno yaliyosemwa Kerugoya mbele ya wanachama wa chama na wazee wastaafu wa reli)



Halmashauri ya tawi imeniomba niseme juu ya jambo ambalo si mshahara, wala si saa za kazi, wala si nyumba za kukaa. Najua wengine wenu mtauliza, "Chama cha wafanyakazi kina shauri gani na hadithi za wazee?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla sijakaa chini. Jambo lenyewe ni hili: kuandika habari za maisha ya watu kwa kuzungumza nao, kwanza watu wa nyumbani kwetu, na pili watu tusiowajua.

Watu wa pwani wana methali isemayo, Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye duka hapa Kerugoya anaifuata, hata kama hajapata kuisikia, maana kila siku huandika nani amekopa sukari na nani amelipa. Ni ajabu basi kwamba twaandika kilo moja ya sukari, na maisha ya mzazi wetu ya miaka themanini hatuyaandiki.

Sisemi kwamba maisha ya wafanyakazi hayakuandikwa kabisa. Yaliandikwa, lakini walioandika walikuwa wengine, nao waliandika yale yaliyowafaa wao. Tazameni reli yetu wenyewe. Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Hesabu hiyo twaijua kwa sababu iliwekwa. Sasa kumbukeni habari za simba wawili waliokula watu pale Tsavo mwaka 1898. Mhandisi wa daraja, Bwana J. H. Patterson, alitoa kitabu mwaka 1907, na humo alisema kwamba Wahindi 28 waliliwa. Na Waafrika je? Juu yao alisema tu kwamba walikuwa wengi, na kwamba hesabu yao haikuwekwa. Ndugu zangu, watu wale walikuwa na majina. Kila mmoja alitoka kwao kwenda kutafuta rupia chache, na mama yake akamngoja jioni nyingi. Hapakuwa na mtu wa kuandika hata jina moja.

Kisha kikaja kipande. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Serikali ya Kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kuchukua kipande, nacho kilitiwa katika mkebe wa bati na kuning'inizwa shingoni. Wazee wa kwetu waliuita mkebe ule mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Ndani ya kipande yaliandikwa jina la mtu, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la tajiri, siku ya kuanza kazi, siku ya kuacha, na mshahara. Ukifikiri sana utaona kwamba kipande kilikuwa ni historia ya maisha ya mtu, lakini iliyoandikwa na bwana wake. Kilisema mtu aliacha kazi siku fulani. Hakikusema kwamba aliacha kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa na alikatazwa ruhusa.

Sasa naweza kulijibu lile swali. Chama kiliundwa ili mfanyakazi ajisemee mwenyewe, asisemewe. Kujisemea juu ya mshahara ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujisemea juu ya maisha yetu: tulitoka wapi, tulifanya nini, tulivumilia nini, na nani alitusaidia. Marehemu Makhan Singh alikamatwa mwezi wa Mei mwaka 1950, akazuiliwa hata Oktoba 1961. Baada ya kutoka hakukaa kimya. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Kama asingekiandika, habari nyingi za migomo ya kwanza leo tungezitafuta katika mafaili ya polisi.

Msifikiri kwamba kazi hii ni ya watu wa chuo kikuu tu, au kwamba haijapata kufanywa karibu na sisi. Mutira mnaijua wote, si mbali na hapa tulipokaa. Mama mmoja Mmarekani, Jean Davison, alikuja kukaa na akina mama wa Mutira katika miaka ya 1980, akazungumza nao juu ya maisha yao tangu utoto: mashamba, ndoa, tohara, shule, Hali ya Hatari, na vyama vya kusaidiana. Habari za akina mama saba zikatiwa katika kitabu kiitwacho Voices from Mutira, kilichotoka mwaka 1989, na kikachapwa tena mwaka 1996 pamoja na habari za mambo yaliyobadilika hadi mwaka 1995. Mama yule alifanya kazi njema. Lakini fikirini: maneno yalisemwa kwa Kigikuyu, na kitabu ni cha Kiingereza. Mjukuu wa Mutira akitaka kujua nyanya zake walisema nini, hana budi kuyapata kwa lugha ya mgeni. Kama mgeni aliweza kuvuka bahari kuja kuwasikiliza, je, sisi twashindwa kuvuka ua?

Karatina nako kulikuwa na marehemu Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mpiga chapa. Alikamatwa Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa, akakaa kizuizini miaka mingi, na huko aliandika kwa siri habari za kila siku. Maandishi hayo yalitoka kwa Kigikuyu mwaka 1983, na mwaka 1984 yakapata tuzo ya Noma, iliyokuwa tuzo kubwa ya vitabu vya Afrika. Tena yuko Waruhiu Itote, aliyejulikana kwa jina la Jenerali China. Huyu alikuwa mtu wa reli kama sisi, maana baada ya kurudi kutoka vita vya Burma alifanya kazi ya fayamani. Kitabu chake cha mwaka 1967 chaeleza kwamba mambo mengi yaliyombadilisha moyo aliyapata kwa mazungumzo na watu asiowajua alipokuwa askari: Mwingereza mmoja, na Mmarekani mmoja mweusi. Basi mazungumzo na mgeni si kitu kidogo.

Na Waswahili wenyewe wana mfano mzuri. Shaaban Robert alikutana na mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja, akamwuliza habari za maisha yake, na Bibi Siti akafariki mwaka ule ule wa 1950. Kitabu cha wasifu wake kikatoka mwaka 1958. Kama Shaaban angesema, "Nitakuja mwaka ujao," angekuta kaburi. Mombasa nako, Bi Sarah Mirza na Bi Margaret Strobel walinasa sauti za akina mama watatu wazee wakisimulia maisha yao, na mwaka 1991 maneno hayo yakachapwa kwa Kiswahili kilekile walichosema. Hilo ndilo napenda tulifuate.

Sasa nataka kusema juu ya gharama ya kuchelewa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Mnajua yaliyotupata katika nchi hii ya Kirinyaga. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walitolewa katika miji yao wakawekwa katika vijiji zaidi ya 800, vyenye mahandaki na walinzi. Wengine walipelekwa katika kambi, na mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo leo yatulisha, yalianza kulimwa kwa nguvu za watu waliozuiliwa. Kwa miaka mingi wazee walipoeleza mambo haya, waliambiwa kwamba hayo ni maneno matupu, karatasi iko wapi? Mwalimu mmoja wa Marekani, Caroline Elkins, alizungumza na wazee na akina mama wapatao 300, akatoa kitabu mwaka 2005. Wako wataalamu waliomlaumu kwamba ameamini mno maneno ya wazee. Mwaka 2009 wazee wachache wakapeleka kesi London. Mwaka 2011 Serikali ya Uingereza ikakiri kwamba ina mafaili mengi ya zamani ya makoloni yake, na ya Kenya yakiwamo, yaliyofichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Yalipofunguliwa, yaliunga mkono mengi ambayo wazee walikuwa wakiyasema bila karatasi. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ile ilisema kwamba yasikitikia mateso yale, ikakubali kutoa paundi milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Lakini kuna nusu ya pili ya habari, ambayo watu hawapendi kuisema. Watu wengine zaidi ya 40,000 walipeleka kesi yao. Mwaka 2018 kesi yao ilitupwa. Jaji aliona kwamba muda umepita mno, mashahidi wengi wamekufa, na haki haiwezi tena kupimwa sawasawa. Sikusema haya ili mtu afikiri kwamba akiandika habari za nyanya yake atapata paundi. Mtu akiwaahidi wazee fedha kwa ajili ya hadithi zao, au akiwatoza ada ya kuandikwa, mfukuzeni. Nasema ili mwone kwamba wakati una mlango, na mlango hufungwa. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1954 leo amepita miaka 85. Tuhesabu wenyewe.

Sasa nieleze jinsi ya kuifanya kazi.

Anza nyumbani, lakini usianze kwa kusema, "Nieleze maisha yako." Hakuna mzee awezaye kulijibu swali hilo. Atasema, "Nilizaliwa, nikalima, nikazeeka," kisha atakuuliza kama umekula. Uliza juu ya kitu kinachoshikika kwa mkono. Kama ni mzee wa reli, mwulize: Mshahara wako wa kwanza ulikuwa kiasi gani, na ulinunua nini? Nani alikuonyesha kazi? Katika landi mlilala watu wangapi chumba kimoja? Nyapara wa genge lenu alikuwa mtu wa namna gani? Nani aliumia, na alibebwa na nani? Kama ni mke wake, mwulize: Bwana alipokuwa kazini Makadara au Voi, nani alilima? Barua ilikuja baada ya siku ngapi, na nani alikusomea? Nawaambia kweli, historia ya reli iliyo katika shamba la mke wa fayamani hajaiandika mtu yeyote bado.

Wazee wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa, lakini wana tarehe zao. Uliza rika lake, na rika la kaka yake. Uliza kama wazazi wake walikuwa wamezaliwa wakati wa mafua makuu ya mwaka 1918, au kama yeye alikuwa ameanza kuchunga mbuzi wakati wa njaa ya Mianga, yaani njaa ya mihogo, ya mwaka 1943 hivi. Reli ya kwetu nayo ni kalenda: ilitoka Nairobi ikafika Thika mwaka 1913, ikaendelea kupita Sagana na Karatina, hata mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikafika Nanyuki. Mzee akisema baba yake alibeba mataruma pale Sagana, umekwisha kupata mwaka, au karibu yake. Na mkitafuta karatasi za Serikali katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi, kumbukeni kwamba kabla ya uhuru Ndia na Gichugu zilikuwa chini ya wilaya ya Embu. Mtu akitafuta jina la Kirinyaga tu atarudi mikono mitupu.

Sasa juu ya wageni. Mtauliza, kwa nini tuwasumbue watu tusiowajua, na watu wetu wenyewe hatujawamaliza? Sababu ni hii: mtu wa nyumbani anakupenda, na kwa sababu anakupenda anakuficha. Nitatoa mfano mmoja kutoka nyumbani kwetu.

Cucu wangu alikuwa msichana wakati wa vijiji. Miaka yote tuliyokaa naye alitueleza neno moja tu juu ya wakati ule: "Tulichimba." Akiulizwa zaidi, alinyanyuka kwenda kutazama chungu. Basi siku moja nilipokuwa kazini Sagana, mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza ndizi karibu na stesheni alinieleza habari za handaki la kijiji chao. Hakunijua, nami sikumjua. Alisema waliamshwa kwa firimbi. Mwenye mtoto mchanga alimlaza juu ya kanga kando ya udongo, na udongo ulipomwagika wengine walipiga kelele. Ndani ya handaki zilisimikwa fito zilizochongwa ncha. Jioni mlango wa kijiji ukafungwa, na mwenye chakula shambani akalala na njaa huku viazi vyake vikioza. Nilimwuliza kama watoto wake wanajua habari hizi. Akasema, "Hapana. Wewe si mwanangu, ndiyo maana nakuambia. Wao watanihurumia, nami sitaki kuhurumiwa."

Nilipokwenda nyumbani mwisho wa mwezi sikumtajia cucu Hali ya Hatari. Nilimwuliza tu, "Cucu, udongo wa handaki mliubeba kwa nini, kwa karai au kwa ngozi?" Akanitazama kwa muda. Akasema, "Kwa karai. Langu lilikuwa na tundu." Kisha akasema mpaka taa ikawashwa. Mama yangu, aliyekuwa akimenya viazi, akaacha kumenya. Siku ile tulijua kwamba cucu alikuwa na mdogo wake, msichana mdogo asiyezidi miaka sita, aliyekufa kwa njaa katika kijiji kile na kuzikwa nje ya handaki pahali ambapo sasa ni shamba la kahawa la watu. Na mama yangu, aliye binti wa tatu, ndiye aliyepewa jina la mtoto yule. Alikuwa ameitwa kwa jina hilo miaka zaidi ya hamsini bila kujua ni la nani.

Mwaona basi. Mgeni alinipa ufunguo wa mlango wa nyumbani kwetu. Wazee wetu walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi watu wa reli tuna bahati katika jambo hili kuliko watu wote. Mkulima hukutana na jirani zake, lakini sisi tumefanya kazi na Mkamba, Mluhya, Mjaluo, Mtaita na Mgiriama katika genge moja. Mfanyakazi mwenzako wa Kibwezi ana nyanya ambaye hatakuficha, kwa sababu wewe si mjukuu wake. Na nyanya yako hatamficha yeye. Pelekaneni. Wewe mkalie wake kitako, naye amkalie wako.

Tena hapa kwetu kuna sababu nyingine. Wakati wa Hali ya Hatari wengine walikuwa msituni, wengine walikuwa kambini, na wengine walikuwa homugadi, na mara nyingi hao wote walikuwa watoto wa mama mmoja. Leo watoto wao wamekaa katika kanisa moja na wanauza kahawa katika kiwanda kimoja cha ushirika. Kila nyumba imefunga upande wake wa habari. Tusiandike upande mmoja tu. Mjane wa homugadi naye alikuwa na usiku wake wa hofu, na mtoto wake alichekwa shuleni kwa jambo asilolifanya. Sisi si mahakama. Kazi yetu si kuhukumu, ni kuandika alivyosema.

Kuna kanuni chache ambazo tawi linataka tuzishike.

Kwanza, omba ruhusa. Mwambie mtu kwa nini wataka kuandika, na nani atasoma. Akikataa, mnywe chai, mwachane kwa amani. Maisha ni yake.

Pili, andika kwa lugha anayoisema. Akisema Kigikuyu, andika Kigikuyu. Usimsahihishe, wala usimpambie maneno. Akinyamaza, andika kwamba alinyamaza. Kimya kingine kina maneno mengi.

Tatu, simu ya mkononi yaweza kunasa sauti, na ni vizuri kuitumia. Lakini simu huibwa, huvunjika, na hufutika. Andika pia katika daftari kwa wino, na juu ya ukurasa utie siku, pahali, na nani alikuwapo.

Nne, rudi umsomee. Hii ndiyo kanuni ambayo wengi huiacha, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Ukimsomea mzee maneno yake, atasema, "Hapana, hapo haikuwa hivyo," na ndipo habari hasa itakapotoka. Akitaka neno lifutwe, lifute mbele yake.

Tano, neno la siri libaki siri. Akisema jina la mtu aliyemtendea ubaya, na watoto wa mtu huyo ni jirani zenu, jina hilo lisitoke katika daftari kwenda mdomoni mwako. Tangu mwaka 2019 nchi yetu ina sheria ya kulinda habari za watu, lakini hata pasipo sheria, ni adabu.

Sita, linganisha bila kugombana. Mzee mmoja akisema mgomo ulikuwa wa siku tatu, na mwingine wiki moja, andika yote mawili. Kumbukumbu huteleza katika hesabu, lakini mara chache huteleza katika uchungu. Kama karatasi iko, iweke kando ya maneno, vyote viwili vitazamane.

Bwana Mwenyekiti, nimalizie kwa maombi matatu ya kura. Ombi la kwanza: kila mwanachama wa tawi aandike maisha ya watu wawili kabla ya mkutano mkuu ujao, mmoja wa nyumbani kwake na mmoja asiyemjua. Ombi la pili: kila daftari linakiliwe mara mbili, moja likae na familia ya mwenye maisha, maana ni mali yao, na la pili likae katika sanduku la tawi kwa ruhusa yao. Wale watakaokubali, nakala zao tuziombee nafasi katika Nyaraka za Taifa. Ombi la tatu: tuanze na wazee wenyewe waliokuja leo. Nimehesabu hapa mbele wazee tisa ambao walishika kazi kabla ya mwaka 1977, wakati reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Wamekuja kwa miguu, na wengine kwa pikipiki, na hatukuwaita waje kutusikiliza sisi tu.

Katibu ana madaftari mezani, na kalamu. Chai iko tayari. Namwomba kila kijana achukue daftari moja, akae karibu na mzee mmoja asiyemjua, na amwulize alipata kazi ya kwanza kwa kupitia mlango gani.